Mbega na Wageni wa Njia ya Handeni

Wasomaji wa Habari za Wakilindi kwa kawaida hukitazama kitabu hicho kuwa ni tarikhi ya wafalme, nao hubishana juu ya nasaba na miaka. Tangu nakala aliyoihariri J. W. T. Allen ilipotoka mwaka 1962, wachache wamekisoma kwa jinsi nitakayo hapa, yaani kisa cha mtu aliyekimbia kwao.

Abdallah bin Hemedi hamwondoi Mbega Unguu pasipo kutaja sababu. Twasoma kwanza habari ya kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kisha ndugu wanaomnyima urithi. Kisha, huko Kilindi, mwana wa mkubwa anauawa na nguruwe katika mawindo, na Mbega anahofia kulipizwa. Hata anapotoroka kwa siri kwenda Usambaa, msomaji amekwisha kujua kwa nini hawezi kurudi. Wenyeji wa milimani hawamwulizi ana idhini ya nani. Watazama nyama anayowagawia, na Vuga wanamtawaza.

Linganisha na magazeti yetu. Vijana wa Ethiopia, wengi wao wa Hadiya na Kambata, hupita Korogwe na Handeni wakielekea Afrika ya Kusini, wamefichwa ndani ya malori. Gazeti huanza habari pale wanapokamatwa, na huwaita “wahamiaji haramu”. Haramu ni neno la nyama ya nguruwe na mali ya wizi. Kwa mtu tulikuwa nalo katika tusi tu, mwanaharamu. Likishapachikwa, swali la kwa nini alitoka kwao halina pa kuingilia.

Hata hivyo Abdallah naye simwachi. Aliwahi kumtumikia Semboja wa Mazinde, na mtoro wake anasifiwa kwa kuwa alipata kiti. Asiyekipata je? Wazigua waliouzwa Somalia katika karne ya 19 waliacha wajukuu waliokimbia vita vya 1991, na baadhi yao wakafika Handeni mikono mitupu. Hawakutawazwa popote. Walileta Kizigua, kilichohifadhiwa vizazi kadhaa kando ya Mto Juba, na wenyeji wakawatambua kwacho. Wengi wakapewa makazi Chogo. Masimulizi yao nayo huanza na sababu: njaa iliyoingia Uzigua katika miaka ya 1830, na ahadi ya kazi ng'ambo, iliyokuwa uongo.