Nakala Isiyodanganya

Boma la Arusha lilijengwa na Wajerumani liwe ngome ya utawala wao. Tangu mwaka 1987 limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, nao wanafunzi huja humo kujifunza asili ya mwanadamu. Katika ziara za namna hii huzuka swali moja: je, kitu hiki ni cha kweli au ni cha bandia? Wengi huliona swali hilo kuwa la kitoto. Sisi twaona kwamba ni swali la msingi, ila neno bandia ndilo linalotupoteza.

Bandia huashiria ulaghai. Lakini tuzitazame nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, na kufukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 na 1979. Zilifukiwa tena ili zihifadhiwe. Hata hivyo migunga iliota juu yake, na mizizi ikatishia kuziharibu. Ikalazimu zifukuliwe, zitengenezwe na kufukiwa upya katikati ya miaka ya 1990. Basi nakala iliyotolewa kwa kalibu ndiyo inayouwezesha umma kuliona umbo lake bila kuzidhuru. Hapa nakala haishindani na kitu halisi, inakilinda.

Hata hivyo, nakala zote hazina hadhi moja. Unyayo wa plasta hurudia kila kibonde kilichoguswa na kalibu. Sanamu ya zamadamu mwenye ngozi, nywele na macho ni jambo jingine. Mifupa humpa fundi kimo na umbo, bali rangi ya ngozi na wingi wa nywele ni makisio yake. Kukisia si kosa. Kosa ni kuweka makisio na ushahidi mbele ya mtazamaji kana kwamba vina uzito mmoja. Huko Nairobi, Ahmed, tembo wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974, ametengenezewa sanamu ya faibaglasi, na mifupa yake imehifadhiwa na makumbusho. Sanamu ya namna hiyo ina shahidi wa kuisahihisha. Ya zamadamu haina shahidi kamili. Hapana budi maelezo ya Kiswahili kandoni mwake yaseme hivyo waziwazi.

Usahihi nao si uzuri wa rangi peke yake. Mbega wa misitu ya Mlima Meru hana gumba kamili mkononi, bali kigutu tu. Fundi atakayempa gumba kamili atakuwa amekosea, hata manyoya meupe ya mabegani yakipendeza namna gani. Na akimweka juu ya ubao mtupu, atakuwa ameeleza nusu tu ya habari, maana mbega huishi kwa majani.

Kazi hii yaweza kuanzia shuleni. Mwanafunzi na agandamize jani katika udongo wa mfinyanzi, amimine plasta, kisha apake rangi huku akilitazama jani bichi. Kandoni aandike alichokipima na alichokikisia. Mwanafunzi huyo atakapoingia Boma hatauliza tena kama kitu ni cha bandia. Atauliza: mmejuaje?