Niombe Kitu Basi

Filamu niliyoirudia mara nyingi zaidi tangu nihamie Lodwar ilitoka mwaka 1977. Inakaribia saa mbili, na sehemu kubwa yake ni wazee wakibishana kuhusu ngamia. Inaitwa The Wedding Camels. Walioitengeneza ni David na Judith MacDougall, mume na mke, waliokuja kukaa na familia moja ya Waturkana miaka ya sabini wakiwa na kamera na, inavyoonekana, muda usio na mwisho. Ukitaka kujua mtu mzima anapataje rafiki, na rafiki huyo anamgharimu nini, sijaona kitu kingine kilichopigwa au kuandikwa upande huu wa Kenya kinachoifikia. Najua hiyo ni sifa ya ajabu kuipa filamu ya mahari.

Hadithi ni fupi. Mzee Lorang anamwoza bintiye, Akai. Mwoaji ni Kongu, na Kongu ni rafiki wa Lorang, tena wa rika lake. (Ndiyo, na mimi iliniudhi. Nitalirudia hilo.) Kwa hivyo watu wawili wanaopendana inabidi wakae chini waambiane bei. Kila upande una ndugu nyuma yake wanaosukuma: huyu asitoe kidogo, yule asichukue kidogo. Maneno yanakuwa makali, watu wananuna, unadhani sasa imevunjika. MacDougall hawakukimbilia mwisho. Wanakuacha ukae hapo kwenye vumbi mpaka uchoke, na ukishachoka ndipo unaanza kuona.

Nilivyoiona mara ya kwanza, peke yangu chumbani, nilifikiri ni filamu kuhusu pesa kuharibu urafiki. Hiyo ndiyo akili niliyokuja nayo.

Nilikuja Lodwar nikiwa na miaka ishirini na tano, kutoka Nakuru, baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Sababu nyingi, nyingine za karo, nyingine za kichwa. Nilichojifunza haraka ni kwamba chuoni unapata marafiki bila kujua unawapata. Mnapanga foleni moja ya chakula, mnalia na HELB ile ile, mnalala vyumba vinavyotazamana. Ukitoka kabla ya wenzako unagundua urafiki ulikuwa umekaa kwenye ratiba, na ratiba si yako tena. Grupu ya WhatsApp ikaendelea kucheka bila mimi. Hakuna aliyenikosea. Nilinyamaza wiki mbili, hakuna aliyegundua, basi nikatoka kimya kimya kama mtu anayeondoka kwenye kesha.

Kazi iliyonileta ilikuwa ya miezi mitatu, ikanyooka ikawa zaidi ya mwaka. Nakaa Lodwar, naenda Kakuma gari linapokubali, kama kilomita mia na ishirini kaskazini magharibi, na huko nakusanya na kuhariri kile ambacho ofisi huita hadithi za mafanikio. Unazijua. Umeziona kwenye simu yako, dakika mbili, muziki wa kinanda. Mtu alifika kambini bila kitu. Akapata mafunzo. Sasa ana duka. Anatabasamu, kamera inapanda juu, mabati ya Kakuma yanang'aa mpaka mwisho wa macho. Kambi hii ilianza 1992, na ukijumlisha Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili, lakini kwenye video zetu kila mmoja anaishi peke yake.

Nasema zetu kwa sababu mikono yangu ipo. Kuna fundi cherehani mmoja, mzee wa Kikongo, alinieleza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu jinsi alivyoanza. Cherehani ya kwanza haikuwa yake. Alipewa na jirani Msudani Kusini aliyekuwa anangoja safari ya kuhamishiwa ng'ambo, kwa makubaliano kwamba safari isipokuja, atairudisha. Safari haikuja. Cherehani haikurudi. Mpaka leo wanakula Jumapili pamoja, na kila Jumapili jirani anauliza, "Mashine yangu inaendeleaje?" na wote wanacheka, ila si sana. Hiyo ilikuwa dakika bora kabisa ya mahojiano, na niliikata. Niliambiwa inachanganya watazamaji, na sikubisha. Ingefanya mzee aonekane mdeni, na aliyefanikiwa huwa hadaiwi.

Huo ndio ugomvi wangu na hadithi nyingi za kuanza upya zinazotoka Kakuma, na si zile fupi tu. Chukua What Is the What ya Dave Eggers, ya mwaka 2006, pengine kitabu maarufu zaidi ulimwenguni ambacho kambi hii imo ndani yake. Ni riwaya, lakini imesimama juu ya maisha halisi ya Valentino Achak Deng, aliyetembea akiwa mtoto kutoka Sudan hadi Ethiopia, akafika Kakuma, na baadaye Atlanta. Nakipenda. Kinaanza na Valentino akiibiwa nyumbani kwake huko Marekani, na akiwa amefungwa anaanza kuwasimulia maisha yake, kimoyomoyo, watu wasiomsikia: wezi, kijana aliyeachwa kumlinda, baadaye karani wa hospitali. Mtu mzima mwenye hadithi kubwa kiasi hicho na hana wa kumsimulia. Wakati huo rafiki anayeishi naye, Achor Achor, hayupo. Hakuna ukurasa wa Atlanta usionuka upweke huo, na Eggers ameupata sawasawa.

Ila akirudi Kakuma, jicho lake linaenda kwenye ndege. Kambi inakuwa mahali pa kungojea. Urafiki wa ukubwani unaong'aa zaidi ni ule wa Valentino na Noriyaki, Mjapani aliyekuja kusaidia shughuli za vijana, wanaofanya kazi ofisi moja. Wanazoeana polepole, kwa utani, hivi hivi tu. Halafu Noriyaki anakufa kwenye ajali ya barabarani. Nililia, sitadanganya. Lakini niliporudi kusoma tena nilijiuliza: hawa wawili walidaiana nini? Mmoja mwajiriwa, mwingine mkimbizi anayelipwa posho tu kwa kazi aliyoifanya hapo hapo, na kitabu kinaupitia mwanya huo kwa upole mno. Nao Waturkana, wenye ardhi, wamebaki pembeni, zaidi kama tishio la nje ya uzio. Itaru Ohta wa Chuo Kikuu cha Kyoto, aliyewafahamu Waturkana wa eneo hilo miaka mingi, alichapisha insha mwaka 2005 akionyesha kitu tofauti: kwamba chini ya ugomvi wa kambi na wenyeji kulikuwa na watu mmoja mmoja waliojitengenezea uhusiano wao, wa biashara, wa urafiki, wa kutembeleana. Si insha ya kukuliza. Lakini ina watu wazima wanaotafutana, na riwaya ingenufaika nayo.

Sasa kuhusu ndala.

Wiki yangu ya kwanza Lodwar, mama mmoja anayeuza chai na samaki karibu na stendi aliangalia miguu yangu akasema, "Hizo ndala zako ni nzuri. Nipe." Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema ndizo za pekee nilizonazo, jambo ambalo halikuwa kweli. Akasema sawa, akanimiminia chai. Kesho yake akanitumia mtoto na sahani ya samaki wa ziwani. Nikamlipa mtoto, na nikaongeza hamsini, nikajiona mtu mwema sana. Miezi minne baada ya hapo aliniita "mgeni" tu. "Mgeni, chai?" "Mgeni, umerudi?" Alikuwa amenizidi kama miaka kumi, mimi namwita dada, yeye ananiita mgeni.

Wageni wote huja na malalamiko hayo hayo, kwamba Waturkana wanaomba sana. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti hapa enzi za mkoloni, aliandika kitabu, The Family Herds, 1955, kuhusu mifugo ya Wajie na Waturkana, na humo utapata marafiki wa mifugo: watu unaowapa mnyama leo, uwaombe mnyama mwaka mwingine, ukiwa na harusi au ukame umekumaliza. Mali yako inatembea kwenye mazizi ya wengine. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, aliyekuwa na watu wa kuwaomba hakuwa sawa na aliyekuwa na mbuzi tu. Na kwa lugha yetu wenyewe, neno ni lile lile: tunaomba Mungu, tunaomba mkopo, tunaomba msamaha, na yule wa barabarani anaitwa ombaomba. Sisi wa mjini tumebaki na huyo wa mwisho.

Nilimwonyesha yule dada filamu kwenye laptopu yangu jioni moja, kibandani, umeme ukiwa umepotea na betri ikiwa nusu. MacDougall ni kati ya wa mwanzo kuwaacha watu wa filamu za aina hii waongee lugha yao huku maandishi yakipita chini, badala ya Mzungu kuwasemea juu. Kwangu hiyo ilikuwa habari ya darasani. Kwake ilikuwa kwamba alikuwa anacheka kabla maandishi hayajafika. Alimjua Lorang mara moja, yaani aina yake: mtu aliyewahi kuwa askari wa King's African Rifles, akaona dunia, akarudi akachagua boma na mifugo. Ukitaka habari zake zaidi kuna Lorang's Way, filamu nyingine ya mfululizo huo huo, na ni picha nzuri ya mtu aliyeanza upya kwa kurudi nyumbani. Mimi nisiyeweza kurudi Nakuru bila kuulizwa graduesheni ni lini, niliitazama nikiwa na wivu.

Mabishano yalipopamba moto nikamwambia, si wamalizane tu, ni marafiki. Akanitazama kama mtoto. "Wakimalizana leo, kesho wataongea nini?"

Tangu siku hiyo naiona filamu upya. Kongu hatoi yote. Lorang hapati yote. Wanaachiana kitu cha kurudia. Wahenga wetu wa pwani walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi nimeishi hivyo, nikilipa kila chai papo hapo kwa M-Pesa nisije nikadaiwa na mtu. Chini ya mti wa Lorang, siku mtu asipodai chochote ndiyo matanga.

Lakini siwezi kuisifu bila kusema la Akai. Urafiki wa wazee hawa unalipiwa na msichana. Tunamwona zaidi ya tunavyomsikia. Filamu inajua hivyo, inawauliza wanawake maswali, na ile ya tatu, A Wife Among Wives, inakaa na wake zenyewe. Bado. Nilimuuliza dada anaonaje. Akasema, "Huyo msichana ataenda kwa mume bila rafiki hata mmoja. Ataanza kuomba chumvi kwa jirani." Akanyamaza kidogo. "Mimi nilianza na kibiriti." Hapo betri ikaisha, na ndiyo habari pekee niliyowahi kupata kuhusu ndoa yake. Asubuhi nilimpelekea zile ndala. Alizivaa hapo hapo bila asante, akaendelea kukaanga.

Mwaka huu malipo yangu yalichelewa, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaacha kupita stendi. Nilikunywa chai ya strungi chumbani na kuandika kurasa za mzee mwingine aliyejikwamua peke yake. Siku ya tisa mlango ukagongwa. Dada amesimama na ndala zangu miguuni, jasho limemjaa, kibanda kaachia mtoto.

"Mgeni, wewe ni mgonjwa ama una pesa nyingi?"

Nikasema niko sawa.

"Umekaa hapa mwaka mzima. Hujaniomba hata chumvi." Hakuwa anatania, alikuwa amekasirika kweli. "Niombe kitu basi."

Kinywa kilikuwa kikavu. Nilihisi vile nilivyohisi kwenye dirisha la ofisi ya karo, miaka hiyo.

"Elfu mbili," nikasema.

Akafikiria. "Elfu moja mia mbili."

"Elfu moja mia nane, dada."

Akavuta kiti akakaa.