Allan Edwall na Watu wa Pembeni

Katika filamu ya Ingmar Bergman iitwayo Nattvardsgästerna, ya mwaka 1963, mtunza kanisa mwenye kibiongo anamjia mchungaji wake kabla ya ibada ya jioni. Jina lake Algot Frövik. Zamani alikuwa mfanyakazi wa reli. Siku hizi anawasha mishumaa na kupiga kengele, na usiku maumivu hayamwachi alale. Mchungaji alimshauri asome, naye akatii, akaanza na Injili. Sasa ana jambo la kuuliza kuhusu mateso ya Yesu.

Anayemwigiza ni Allan Edwall. Sijaona mahali pengine palipoonyesha wazi hivi jinsi mwigizaji anavyoweza kufikiri mbele ya macho yetu. Algot anasema mateso ya mwili yalikuwa ya saa chache tu, na kwamba yeye mwenyewe huenda ameumia zaidi. Maneno hayo yangeweza kusikika kama kufuru, au kama majivuno. Edwall anayatamka kwa sauti ya fundi anayetaja kipimo cha ubao. Kisha anasonga taratibu: wanafunzi waliosinzia Gethsemane, waliokimbia, Petro aliyemkana, na mwishowe kimya cha Mungu pale msalabani. Waigizaji wengi wangetafuta machozi hapo. Yeye anatafuta neno linalofaa, analipata, anamtazama mchungaji aone kama ameeleweka. Gunnar Björnstrand, anayemwigiza mchungaji, hana la kujibu ila kukubali. Kiini chote cha filamu kimepita mdomoni mwa mtu aliyepewa dakika chache.

Edwall alizaliwa mwaka 1924 Hissmofors, katika jimbo la Jämtland, mbali na majukwaa ya Stockholm, akaja kusomea uigizaji katika shule ya Dramaten, ukumbi wa taifa wa tamthilia.

Watoto wa Uswidi wanamjua kwa sura nyingine kabisa: Anton Svensson, baba wa mtoto mtundu Emil, katika filamu ya 1971 iliyotokana na hadithi za Astrid Lindgren. Emil amekwama kichwa ndani ya bakuli la supu, na baba anapiga hesabu: daktari atataka krona 3, bakuli lina thamani ya krona 4. Kinachochekesha ni kwamba Edwall hachekeshi. Hasira yake ni hasira kamili, ya mkulima anayejua kila senti ilivyopatikana, na ukelele wake wa kuita jina la mwanawe unatoka tumboni. Angemfanya Anton kikaragosi, mtoto asingekuwa na sababu ya kumkimbia na kujificha katika kibanda cha useremala.

Katika filamu nyingine ya Bergman, Fanny och Alexander ya 1982, alipewa kazi ambayo naiona ngumu kuliko zote: mwigizaji hodari kuigiza mwigizaji wa kawaida. Oscar Ekdahl anaongoza ukumbi wa familia, na katika hotuba yake ya Krismasi anakiri kwamba kipaji chake pekee ni kuipenda dunia ile ndogo iliyo ndani ya kuta zake. Baadaye, akifanya mazoezi ya kuigiza mzimu wa babake Hamlet, anachanganyikiwa. Hajui yuko wapi wala anatakiwa kufanya nini. Edwall haanguki kwa kishindo. Anauliza, kwa adabu, kama anayewaomba radhi wenzake kwa kuwacheleweshea kazi.

Mwongozaji Andrei Tarkovsky naye alimtaka, akamfanya Otto, tarishi wa baiskeli katika filamu ya Offret, iliyopigwa kisiwani Gotland.

Mwaka huohuo filamu hiyo ilipotoka, 1986, Edwall alifungua ukumbi wake mdogo Stockholm, Teater Brunnsgatan Fyra. Alikwisha kuwa mwandishi na mtunzi wa nyimbo, na sauti yake ilipendwa sana kwa kusoma hadithi za Nalle Puh, yaani Winnie-the-Pooh. Hakuhitaji ukumbi mkubwa: sanaa yake yote ilitegemea watazamaji kukaa karibu vya kutosha kumwona mtu akiwaza. Aliuendesha hadi alipofariki Februari 1997, na mshairi Kristina Lugn akaupokea.