Ufundi wa Kusema Mimi Ni Nani

Ukipiga hodi huku kwetu pwani ukaulizwa "Nani?", jibu la kawaida ni "Mimi." Jibu hilo halimtaji mtu, na bado mlango hufunguliwa, maana aliye ndani ameshaijua sauti. Kazi ipo kwa asiyejulikana. Huyo sharti aseme jina lake na la baba yake, atokako, aliyemwelekeza na shida iliyomleta. Tena ayaseme upesi, kwa mpango, amesimama juani, kabla mwenye nyumba hajamdhania mdai. Anayeyaweza hayo bila kujikweza wala kujidhalilisha ni fundi, na ufundi wake hatuusifu inavyostahili. Mchonga milango twamtaja kwa jina. Anayejua kujitambulisha twamwita "mchangamfu" tu, kana kwamba alizaliwa hivyo.

Mwalimu wangu katika jambo hili ni Mwana Kupona. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Anaanza kwa kumwita mwanawe asogee na wino na karatasi, basi. Hajataja nasaba wala cheo. Anayeufungua utendi ule leo humkuta mama akizungumza na mwanawe, naye hujikuta ameshaketi kusikiliza kabla hajaambiwa yuko kwa nani. Habari za mwenyeji huzipata mumo kwa mumo: kwamba anaumwa, kwamba aliishi na mumewe kwa masikilizano. Na mume huyo hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyemsumbua Seyyid Said wa Unguja kwa vita. Wengi wetu tungeanzia hapo.

Yeye jina lake kaliweka mwishoni, baada ya kujiita kwanza gharibu, pamoja na Pate alikozaliwa na mwaka wa Hijria, 1275. Sasa litazame jina lenyewe: Mwana Kupona Mshamu. Hesabu silabi, utapata nane, mizani kamili ya kipande cha utendi. Halikuongezwa pambizoni, limo ndani ya ubeti, limeshikwa na vina. Watunzi wa tenzi wa zamani walikuwa na desturi hiyo ya kujitaja mwishoni, na ilikuwa na faida yake. Kazi zao zilinakiliwa kwa mkono, kutoka chuo hadi chuo, na mnakili mvivu angeweza kuliacha jina lililoandikwa kando. Kulitoa lililo ndani ya ubeti ni kuuvunja ubeti wote, na msikilizaji yeyote mwenye sikio angeligundua pengo.

Wa pili simpendi, ila ufundi wake siwezi kuukana. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, alipokuwa mzee Unguja aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatoa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu aliyekuwa na jina kubwa kutoka pwani hadi mto Kongo, ungetarajia afungue kitabu na mababu zake na vita vyake. Anafungua akiwa kijana wa miaka kumi na miwili, anaanza safari za karibu, anauza sandarusi. Umeshamjua: ni mfanyabiashara, na ya dunia atakueleza kwa hesabu za mali. Sentensi hizo chache zimetosha, na ndiyo maana zinatisha. Kwa kujitambulisha hivyo amekwisha kuchagua tutazame wapi. Pembe za ndovu katika kitabu chake hupimwa kwa frasila. Watu waliotekwa na kuuzwa hupita upesi upesi. Ufundi huu, kama ufundi wowote, hauulizi mikono inayoushika ni ya nani.

Wapo wanaofanya kinyume kabisa, nao wana haki yao. Shujaa wa Kihaya alipojitokeza mbele ya Mukama, yaani mfalme wake, hakunong'ona. Alijigamba, mkuki mkononi, akijipa majina ya sifa na kuyataja aliyoyatenda. Majigambo ni utanzu wenye masharti yake: msemaji huzungumza kwa nafsi ya kwanza, hutia chumvi, na wasikilizaji wanajua kwamba chumvi imo. Kinachochosha ni majigambo yanayojifanya taarifa, kama ule wasifu wa siku hizi unaompanga mtu kuwa mshauri, mhamasishaji, mjasiriamali na kiongozi mwenye maono, yote katika mstari mmoja, na ukimaliza kuusoma hujui kama anauza bima au viatu.

Kwa watu wa kawaida, shule kubwa ya ufundi huu ilikuwa kadi ya salamu ya redio. Vijana hawaijui sana. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye nafasi ya jina, anwani ya sanduku la posta, majina ya wanaosalimiwa, na mwishoni ujumbe. Mtangazaji alikuwa na bunda zima mbele yake na muda mfupi, kwa hiyo mtuma salamu alijua atasomwa mbio, katikati ya wimbo na wimbo, kwa watu wasiomjua na wasioweza kumuuliza swali. Ukiandika mengi, unakatwa. Ukiandika jina tupu, umesahaulika kabla ya kadi inayofuata. Basi watu walijitungia lakabu za kukaa sikioni, wakaongeza kijiji au kituo cha basi, na wachache wakaongeza kazi. "Fulani, fundi baiskeli, karibu na mashine ya kusaga": hapo msikilizaji wa mbali alikwisha kusikia mashine.

Na waliofaulu walifaulu kweli. Wapo waliojulikana mikoa kadhaa kwa majina ya redioni, wakaunda vyama vya watuma salamu, wakaalikana harusini na kuzikana. Mgeni alishuka kwenye basi akauliza lakabu, akazungushwa kijiji kizima, kumbe jirani wa ukuta kwa ukuta alimjua mtu huyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza tu, na redio hana.