Lord Falkland: Sura Mbili za Mtu Mmoja

Wanaojifunza historia ya Uingereza wanakutana mara nyingi na jina la Lucius Cary, Lord Falkland, bwana wa mashamba ya Great Tew, aliyekufa katika vita ya Newbury tarehe 20 Septemba 1643. Sifa yake inatoka zaidi katika kitabu kimoja, ndicho historia ya vita ile ya wenyewe kwa wenyewe iliyoandikwa na rafiki yake Edward Hyde, aliyeitwa baadaye Lord Clarendon, na kupigwa chapa tangu 1702 hata 1704. Tunapenda kukipima kitabu hicho kwa haki, tukiweka kando yake kingine kidogo ambacho wengi hawakijui.

Tuanze na mema, maana ni mengi. Clarendon anajua kuonyesha mtu kwa matendo yake. Anatuingiza katika nyumba ya Great Tew, si mbali na Oxford, ambamo wenye elimu walifika na kukaa kama chuoni, wakila mezani na kusoma vitabu vya mwenye nyumba. Anatuonyesha mbunge aliyewashitaki mahakimu kwa ajili ya kodi ya merikebu, akawakaripia vikali maaskofu wa Kianglikana, lakini hakutaka cheo chao kifutwe. Tena anasimulia kwamba Falkland, alipofanywa waziri wa mfalme Charles wa Kwanza katika 1642, alikataa mambo mawili: kutumia wapelelezi na kufungua barua za watu. Hapo mwandishi hana haja ya kusifu. Tendo lenyewe linasema.

Lakini rafiki hupita upesi pahali panapouma. Clarendon anasema tu kwamba mashamba yale yalitoka kwa babu bila kupitia kwa wazazi, nao hawakufurahi. Kwa sababu gani waliachwa? Jibu linapatikana katika maisha ya mama yake, Elizabeth Cary, yaliyoandikwa na mmoja wa mabinti zake, sista Mbenedikto wa Cambrai, na kupigwa chapa katika 1861. Mama huyu aliweka rehani mali aliyoandikiwa wakati wa ndoa, ili amsaidie mume wake aliyetumwa kutawala Irlandi. Baba yake akakasirika, akamnyima urithi, akampa mjukuu. Katika 1626 mama aliingia katika Eklezia Katolika. Mume akamnyima msaada, naye akaishi katika umaskini. Basi meza ile iliyolisha wenye elimu wengi iliwekwa juu ya urithi ambao mama alinyimwa.

Hatusemi kwamba Falkland alimnyang'anya mama yake. Babu aliamua yeye angali kijana, na Clarendon mwenyewe anashuhudia kwamba alitaka kumwachia baba yake mali ile yote ili kutuliza hasira juu ya ndoa yake, baba akakataa. Tunasema tu kwamba sura ya mtu haikamiliki bila watu wa nyumbani mwake.

Katika 1636 mama aliwatorosha kwa siri watoto wake wawili wadogo kutoka Great Tew, wakapelekwa ng'ambo walelewe katika dini ya Katolika. Kwa Clarendon, jambo hilo ni mzizi wa ukali wa Falkland juu ya Wakatoliki. Kwa binti ni ushujaa wa mama. Hakuna anayesema uwongo. Kila mmoja anasimama mlangoni pake. Msomaji wa vitabu vyote viwili ataona kwamba nyumba ile iligawanyika miaka mingi mbele ya inchi.

Inabaki habari ya kufa. Clarendon anaeleza kwamba Falkland alihuzunika sana tangu vita ianze, akitamani amani, na kwamba alijitia hatarini ili watu wasidhani anatafuta amani kwa sababu ya woga. Asubuhi ile alijipanga katika mstari wa kwanza, akapigwa risasi. Hapo tunamlaumu mwandishi. Anatoa sababu kama utetezi, wala haulizi kama ni halali mpenda amani kutoa uhai wake ili kunyamazisha ndimi. Kupenda rafiki hakutuondolei wajibu wa kuuliza.

Msome Clarendon, maana hakuna anayechora watu vizuri kupita yeye. Lakini mkimaliza, msimsahau sista wa Cambrai.