Njaa, Shibe na Fadhila katika Ngano Mbili za Unguja

Ngano zinazosimulia viumbe wanaolipana fadhila mara nyingi hufasiriwa kwa sentensi moja tu: wema hauozi. Fasiri hiyo si ya uongo, lakini ni finyu. Humfanya mnyama kuwa chombo cha kufikishia onyo, na humwacha mwanadamu, ambaye ndiye mshtakiwa, aondoke bila kuulizwa neno. Ngano mbili za Unguja zatosha kuonyesha upungufu huo: ile ya Sultani Darai, iliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales mwaka 1870, na ile ya nyani, nyoka na simba, iliyomo katika Zanzibar Tales ya George W. Bateman ya mwaka 1901.

Katika ngano ya nyani na wenziwe, kijana aishiye na mamake hutega mitego ili wapate kula. Nyani ananaswa, kisha nyoka, kisha simba, na mwishowe mwanadamu. Kila mmoja anaomba aachiliwe, naye kijana anawaachilia wote. Siku anapopotea mwituni, nyani anampa matunda na simba anampa nyama. Nyoka anamtunukia mikufu ya dhahabu na fedha. Kila mnyama, basi, analipa kwa kile alicho nacho. Mwanadamu anakwenda kwa sultani kumsingizia mfadhili wake kuwa ni nyoka aliyejigeuza mtu. Kinaya hapa ni kikali: mtu anaitwa nyoka, na nyoka wa kweli ndiye anayejitokeza kumwokoa.

Kisa hiki kina jamaa yake katika Panchatantra ya Kihindi, ambamo Brahmani anawatoa kisimani wanyama watatu na mfua dhahabu, na mfua dhahabu ndiye anayemsaliti. Ni rahisi kukomea hapo na kusema kwamba ngano imeazimwa. Hata hivyo, badiliko moja lina uzito. Brahmani hapotezi chake kwa kuwaokoa waliotumbukia. Kijana wa Unguja anafungua mtego wake mwenyewe na kuachilia windo lake. Wema wake una gharama, na gharama yenyewe ni chakula.

Kipimo hicho hicho kimo katika Sultani Darai. Masikini apekuaye jaani anaokota thumni, na badala ya kununua chakula anamnunua paa. Paa anamlipa kwa akili na ulimi wake: anampatia mke wa kifalme, kisha anaua joka la vichwa saba na kumpa bwanake jumba la joka hilo. Lakini paa anapougua, bwana huyo anaamuru apikiwe uji wa mtama duni. Paa anakufa kwa uchungu, na mzoga wake unatupwa kisimani. Bwana anaota kwamba anapekua jaani. Anapoamka, yumo jaani kweli.

Wahenga walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Ngano hii yaitia methali katika umbo la kisa. Mtu yule yule aliyetoa thumni yake ya pekee alipokuwa na njaa ananyima uji mwema aliposhiba. Tena paa hajilipizi kisasi. Mali iliyokuja kwa fadhila inaondoka pamoja na fadhila.

Kuna methali nyingine, asante ya punda ni mateke, ambayo humtwika mnyama aibu ya utovu wa shukrani. Ngano hizi mbili zinaipindua. Kwa hivyo mhakiki anayezifupisha kuwa ahadi ya malipo anamliwaza msikilizaji mahali ambapo mtambaji alikusudia kumhoji. Swali lao si kama wema hulipwa. Wanyama wamekwisha kulijibu hilo. Swali ni kama mwanadamu aliyeshiba aweza kukumbuka ni nani aliyemtoa jaani.