Shabaha ya Wahadzabe

Kuzunguka Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupata upinde wake wa kwanza akiwa na miaka mitatu hivi. Ni mdogo kama mkono unaoushika, lakini si wa kuchezea tu: unavutika, unarusha, na mjusi au ndege aliyelengwa vizuri huchomwa na kuliwa. Mara nyingi hakuna mtu mzima anayesimama nyuma yake kumwelekeza. Hujifunza kwa kaka zake na kwa wenzake wa rika, wakishindana kulenga kambini kutwa nzima.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mazoezi yenyewe huanza kabla upote haujavutwa. Kila mwanamume hutengeneza mishale yake. Hukata kijiti, hukibandua gamba, hukipasha moto, kisha hukiuma kwa meno na kukikunja taratibu, akifumba jicho moja kuangalia kama kimenyooka. Atarudia. Kesho atakichukua tena, maana mti hukumbuka ulivyoota. Manyoya hufungwa kwa kano za mnyama, na upote nao ni kano. Mtu aliyeuchonga mshale wake hivyo huujua kabla haujaruka: uzito wake, na upande unaopenda kukimbilia.

Mshale wa ndege na pimbi ni mti mtupu uliochongoka. Wa wanyama wakubwa una chembe cha chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa, na hupakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mimea. Hapo nguvu zinahitajika, kwa kuwa upinde wa mtu mzima ni mgumu kweli. Hata hivyo sumu haiui papo hapo. Mwindaji huacha saa kadhaa zipite ndipo afuate damu na nyayo, na kuzisoma hizo ni ustadi uleule alioanza nao akinyatia panya.

Ustadi huu hauwezi kuhifadhiwa ndani ya kabati la makumbusho. Unahitaji pori lenye wanyama, na pori hilo limekuwa likimegwa na mashamba na mifugo. Ndiyo maana nilifurahi kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Wavulana wa huko wana mahali pa kukosea shabaha mpaka wapate.